Mfinyanzi wa Tana Asiendelee Kulia Gaeni

Wahenga waliponena kwamba mfinyanzi hulia gaeni, walimkusudia mtu ambaye mikono yake huwapa wenzake vyombo vizuri vya kulia, ilhali yeye mwenyewe hujipakulia chakula katika kipande cha chungu kilichovunjika. Methali hii tunaifundisha shuleni mwaka nenda mwaka rudi. Wanafunzi huiandikia insha, nao walimu huwataka watoe maana ya juu na maana ya ndani. Lakini ni nadra mno kwetu kujiuliza kama iko sehemu ya nchi yetu ambayo methali hiyo inaielezea neno kwa neno. Sehemu hiyo iko. Ni bonde la chini la Mto Tana, na hasa mji wa Garsen na vijiji vinavyouzunguka.

Tuanze na ushahidi. Mnamo mwaka wa 1979 mwanaakiolojia David Phillipson alichapisha habari za maskani ya kale katika bonde hilo, pamoja na vigae vya vyungu vilivyopatikana Wenje, kando ya mto. Vyungu hivyo vilifinyangwa kwa mkono, na shingoni mwake vilitiwa nakshi ya pembetatu zilizochanjwa na kujazwa mistari. Baadaye iligunduliwa kwamba vyungu vya namna hiyo hiyo vilitumika katika pwani yote, tangu visiwa vya Lamu hadi Unguja, Komoro na Msumbiji, baina ya karne ya 7 na ya 10 hivi. Katika mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton alichimbua katika miaka ya 1980, vigae hivyo vilijaa katika tabaka za chini kabisa, yaani katika siku za mwanzo za mji wenyewe. Wataalamu wengi wakavipa vyungu hivyo jina la mto wetu, wakaviita vyungu vya Mapokeo ya Tana. Profesa Felix Chami wa Tanzania hakuridhika na jina hilo; yeye alipendelea viitwe kwa nakshi yake ya pembetatu, na mjadala huo umedumu miaka mingi. Mkenya George Abungu, ambaye baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa, alifanya utafiti wa jamii za kale za mto huu kwa shahada yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Uzito wa vigae hivyo si mdogo. Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba miji ya Waswahili ilijengwa na wageni waliotoka ng'ambo ya bahari, na kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu. Vigae vya Tana vilisaidia kuukanusha uongo huo. Vilionyesha kwamba waliopika, waliokula na waliokaa katika miji hiyo tangu siku ya kwanza walikuwa watu wa pwani hii hii na bara yake, ambao ufundi wao ulikuwa mmoja kwa mamia ya maili. Hoja hiyo haikuletwa na msikiti wa mawe wala na kaburi la mnara. Ililetwa na kazi ndogo za udongo, zilizofinyangwa na watu ambao majina yao hatutayajua kamwe.

Basi tumuulize mwanafunzi wa Garsen: umewahi kukiona kigae kimoja cha Tana? Makumbusho ya Taifa yana milango Mombasa katika Ngome ya Yesu, yana milango Gede, Malindi na Lamu. Garsen ni njia panda ya huko kote. Abiria wa Lamu hupita hapo, wa Malindi hupita hapo, na wa Hola na Garissa hupita hapo. Hunywa chai na kununua maembe, kisha huendelea na safari. Jina la mto linasomwa katika vyuo vikuu vya dunia, lakini mtoto wa kando ya mto hana pa kwenda kuuona ufundi ulioupa mto jina hilo. Huko ndiko kulia gaeni.

Wala si kwa vyungu tu. Wimbo wetu wa Taifa, ambao kila mwanafunzi husimama wima kuuimba, sauti yake ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Ngoma takatifu ya Wapokomo, iitwayo Ngadji, ilichukuliwa katika siku za ukoloni mwanzoni mwa karne ya 20, nayo imewekwa katika Makumbusho ya Uingereza, London, tangu mwaka wa 1908. Mto huu umetoa sauti, umetoa jina na umetoa ngoma. Ni haki sasa wenyewe waulize wamebakiziwa nini.

Kwa sababu hiyo gazeti hili linatoa rai ambayo huenda wengine wakaiona ndogo, nasi twaiona kubwa. Garsen ipate jumba la sanaa. Lisiwe jumba la fahari la mamilioni ya shilingi, bali chumba kimoja kikubwa, safi, chenye mwanga mzuri na mlango unaofungika. Na ndani ya chumba hicho ziwekwe aina mbili za kazi, bega kwa bega: picha za rangi za wachoraji wa leo, na kazi ndogo za udongo wa kuchomwa, za kale na za sasa, vyungu na sanamu kadhalika.

Kwa nini aina hizo mbili pamoja? Kwa sababu tumezoea kuzitenga, na kutenga huko kumetudhuru. Mtu akichora picha juu ya turubai, twamwita msanii. Picha yake hutiwa fremu, huandikwa jina lake pembeni, na hutundikwa ukutani. Bibi akifinyanga mtungi ambao umbo lake limelingana pande zote pasi na gurudumu wala kipimo, hatumwiti msanii. Twamwita muuza vyungu. Kazi yake hupangwa chini sokoni, juu ya gunia, na mnunuzi huigonga kwa kidole asikie kama ina ufa, kisha huomba apunguziwe bei. Mchoraji ana jina, mfinyanzi hana. Aidha, tusisahau kwamba katika sehemu nyingi za nchi yetu wafinyanzi ni wanawake, na kwamba waliojifunza uchoraji wa kisasa kwanza walikuwa kwa wingi wanaume waliopata shule. Utengano huu wa sanaa mbili, kwa hiyo, una dhuluma ndani yake, na mtoto huifundishwa kabla hajajua kusoma.

Wako walioubomoa ukuta huo. Huko Abuja, Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwapo mama aitwaye Ladi Kwali. Alijifunza kufinyanga nyumbani kwao kama wanawake wa kwao walivyojifunza, naye akazungusha ufundi huo hadi Ulaya na Marekani. Leo picha yake imo katika noti ya naira 20. Taifa zima la Nigeria humbeba mfinyanzi mfukoni!

Katika kituo hicho hicho, mnamo miaka ya 1970, alifika binti wa Kenya, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950. Alikuwa amekwenda Uingereza kusomea sanaa, lakini ilimbidi arudi Afrika kujifunza namna ya kukiinua chungu kwa mikono mitupu, kwa kuzungusha miviringo ya udongo mmoja juu ya mwingine. Vyungu vyake havitiwi rangi ya kung'aa. Husuguliwa hadi vikawa laini kama ngozi, kisha huchomwa vikawa vyekundu, au huchomwa tena katika moshi vikawa vyeusi. Vina shingo, vina tumbo, vina mgongo. Ukivitazama wadhani utaona mama mjamzito au mwanamke aliyesuka nywele. Leo vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, pamoja na hayo hayo Makumbusho ya Uingereza yanayoiweka Ngadji, na mwaka wa 2020 Odundo alitunukiwa cheo cha heshima cha Dame.

Jambo linalotuhusu zaidi ni maonyesho yake ya mwaka wa 2019, yaliyofanyika katika jumba la Hepworth mjini Wakefield na kisha katika jumba la Sainsbury mjini Norwich. Bibi huyo hakukubali vyungu vyake visimame peke yake. Alichagua mwenyewe vitu vingi vya zama na nchi mbalimbali, tangu vyombo vya kale vya Afrika hadi sanamu za mabwana wakubwa wa Ulaya kama Rodin na Barbara Hepworth, akavipanga pamoja na vyake. Mtazamaji aliingia akidhani anakuja kutazama vyungu, akatoka ameelewa kwamba umbo la chungu na umbo la sanamu ni ndugu wa tumbo moja. Hivyo ndivyo kuweka kazi mbili pamoja kunavyofanya kazi: kila moja humfungulia mtu macho ya kuiona nyingine.

Hapa kwetu pia hatukukosa mifano. Edward Njenga, aliyezaliwa mwaka wa 1922, alifinyanga watu wadogo wa udongo wa kuchomwa: maskini aliowajua katika kazi yake ya kuhudumia jamii Eastleigh, na mateso ya siku za Hali ya Hatari. Mtu wa Tana hawezi kuyasikia mateso hayo bila kuikumbuka Hola, mahali ambapo mahabusu 11 walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka wa 1928 na kusomea sanaa Makerere, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi. Alipokosa fedha za rangi, alikata karatasi za kufungia sabuni na unga, akazibandika zikawa picha, na picha hizo zikafika hadi New York. Jak Katarikawe, mzaliwa wa Uganda aliyefia Nairobi mwaka wa 2018, hakupata elimu ya darasani, lakini ng'ombe aliowachora walikuwa na macho ya binadamu na huzuni na mapenzi ya binadamu. Na katika kizazi cha leo, Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, hachori juu ya turubai la Ulaya, bali juu ya lubugo, yaani gome la mti lililopondwa na Waganda hadi likawa kitambaa.

Lakini kazi za namna hiyo zinaonekana wapi? Paa ya Paa, iliyoanzishwa mwaka wa 1965, iko Nairobi. Mkusanyo wa marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais, uko Nairobi. Taasisi ya sanaa ya kisasa ambayo Armitage mwenyewe aliianzisha iko Nairobi. Hatuilaumu Nairobi kwa kuwa na vitu vizuri. Twasema tu kwamba mwanafunzi wa Garsen aulizwaye kuhusu sanaa ya kisasa ni kama mtu aulizwaye ladha ya tunda asilowahi kulionja.

Hapa tuwageukie walimu. Mtaala mpya wa umilisi umeirudisha sanaa darasani baada ya kutupwa kando. Katika mfumo wa 8-4-4, somo la Sanaa na Ufundi lilitahiniwa katika shule za msingi tangu miaka ya 1980, kisha likaondolewa katika mtihani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na kila mwalimu ajua kwamba somo lisilotahiniwa hufa kifo cha polepole. Sasa sanaa na michezo zimefanywa kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu. Hilo ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, njia iliyoandikwa katika karatasi si njia ya kupita. Shule iliyo mbali na jumba lolote la sanaa, isiyo na rangi, isiyo na tanuri, itamwelekezaje mtoto katika njia hiyo? Tutarudia kosa la kale: watoto wa mijini watachagua sanaa kwa kupenda, nao wa mashambani hawataichagua kwa sababu hawakuiona.

Chumba kimoja cha Garsen kingeweza kuwa darasa la masomo mengi. Mwalimu wa kemia angewaonyesha wanafunzi kwamba wekundu wa chungu na wekundu wa rangi za kale una asili moja, nayo ni chuma kilichomo udongoni. Chungu kikichomwa mahali penye hewa ya kutosha, chuma hicho huungana na oksijeni, na chungu huwa chekundu. Kikinyimwa hewa na kufukizwa moshi, huwa cheusi. Angewaeleza kwamba udongo ukipita joto la nyuzi 600 hivi hauwezi tena kurudi kuwa tope, hata ukilowekwa miaka elfu, na ndiyo sababu kigae cha Wenje kingali nasi ilhali nyumba ya mwenyewe imeoza zamani. Mwalimu wa historia angewakumbusha kwamba huko Olorgesailie, katika kaunti ya Kajiado, wataalamu walitangaza mwaka wa 2018 kwamba wamepata mawe ya rangi yaliyochongwa na binadamu yapata miaka 300,000 iliyopita. Rangi na udongo havikukutana jana. Mwalimu wa hisabati angezihesabu pembetatu za nakshi, na mwalimu wa Kiswahili angewatungisha wanafunzi maelezo ya kila kazi, sentensi tano zisizo na neno la ziada.

Na jicho lenyewe lingefunzwa. Picha hutundikwa ukutani, nayo humtaka mtazamaji arudi nyuma hatua mbili tatu ili aione yote. Sanamu ndogo ya udongo humvuta mbele, imfanye ainame, na izungukwe kwa sababu ina mgongo. Mtoto anayekwenda mbele na kurudi nyuma baina ya viwili hivyo anajifunza jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha: kwamba kitu kimoja huonekana kwa namna nyingi, na kwamba aliyesimama upande ule naye ana haki ya kusema alichokiona.

Somo hilo la mwisho, ndugu wasomaji, lina uzito wa pekee katika Tana. Baina ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma katika eneo la delta, wanawake na watoto wakiwamo. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka wa 2023, na yale ya mwaka wa 2024, yaliwahamisha watu na kuharibu mashamba. Hizo ndizo habari ambazo taifa huzisikia Garsen inapotajwa: damu na maji. Kijana wa hapo hukua akijitazama katika kioo hicho, akadhani kwamba hana lingine la kuionyesha dunia ila msiba wake. Hatusemi kwamba picha na vyungu vitaondoa ugomvi wa malisho na mashamba. Ugomvi huo unataka sheria, haki na maji. Twasema kwamba watu ambao hawajawahi kusimama pamoja wakitazama kitu kimoja kizuri watapata shida kuketi pamoja wakizungumza jambo moja gumu.

Chumba hicho, basi, kisiwe cha kabila moja. Mkulima hukaa mahali pamoja, na chungu humfaa. Mfugaji anayehama hana haja ya kubeba vyombo vizito vinavyovunjika, naye ufundi wake umo katika mti, ngozi na ususi. Lakini ni mtoto gani wa mfugaji asiyependa kufinyanga ng'ombe wa tope, akampa nundu na pembe? Ng'ombe huyo wa udongo, akichomwa vyema na kusimamishwa chini ya picha ya kundi linaloshuka mtoni kunywa maji, ni sanaa, naye aliyemfinyanga ni msanii mwenzake mchoraji.

Tunajua kwamba rai hii haitakosa wapinzani, na baadhi ya hoja zao ni za haki. Wa kwanza watasema kwamba watu wenye njaa hawali picha. Ni kweli. Lakini mbona hatusemi hivyo tunapojenga kiwanja cha mpira au jukwaa la sikukuu? Mtu haishi kwa mkate tu, na kaunti inayongojea njaa iishe ndipo ifikirie elimu ya watoto wake itangojea milele. Isitoshe, udongo haununuliwi. Mafuriko yale yale yanayobomoa nyumba huacha ukingoni tope laini ambalo wanafunzi wanaweza kulijaribu, kulichuja na kulifinyanga bila ya kungojea bajeti.

Wa pili watakumbusha kwamba wengi katika Tana ni Waislamu, na kwamba wako wanaochukia sanamu za viumbe vyenye roho. Hoja hii yastahili kusikizwa kwa adabu, wala isifanyiwe mzaha. Jawabu lake ni kwamba sanaa ya pwani imejua kwa karne nyingi namna ya kuzungumza kwa umbo, mstari na nakshi pasi na sura ya kiumbe. Tazama milango ya Lamu. Chungu chenyewe ni sanamu isiyo na uso. Mzazi asiyetaka mwanawe afinyange ng'ombe, mwanawe afinyange mtungi. Na kazi zote mbili zipate meza moja.

Wa tatu watauliza juu ya gharama na wajibu ni wa nani. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho, na vilevile vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo hapana haja ya kungoja amri kutoka Nairobi. Serikali ya kaunti iliyoko Hola inaweza kutenga chumba Garsen; chuo cha ufundi kinaweza kutengeneza meza na kujenga tanuri; na Makumbusho ya Taifa, ambayo kazi yake ni kuhifadhi urithi kwa ajili ya wananchi, yanaweza kuombwa kuazima vigae vichache vya Tana, virudi kwa ziara katika bonde vilikotoka.

Pamoja na hayo, yako mambo manne ambayo tungependa yazingatiwe, maana jambo jema likianzwa vibaya huharibika.

Kwanza, kila kazi ya udongo iandikwe jina la aliyeifinyanga, kama picha inavyoandikwa jina la mchoraji. Ikiwa ni kazi ya kale na jina halijulikani, maelezo yaseme wazi kwamba ni kazi ya msanii asiyejulikana. Yasiseme tu kwamba ni chungu cha kupikia. Maelezo hayo yawe kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma.

Pili, ikiwa katika kijiji chochote cha mto huu yuko bibi mzee ambaye mikono yake ingali inakumbuka kazi hiyo, aitwe awafundishe walimu, naye alipwe kama mwalimu. Sufuria na ndoo za plastiki zimekwisha kuushinda mtungi sokoni. Tukimzika bibi huyo kabla ya kumsikiliza, tutakuwa tumezika shule.

Tatu, si kila kitu kilichofanywa kwa mikono kimefanywa kitazamwe na kila mtu. Ngadji haikuwa ngoma ya kuonyeshwa hadharani. Madai ya kurudishwa kwake ni ya wenyewe, na hata ikirudi, ni wazee wa Kipokomo watakaosema ikae wapi na ionwe na nani. Jumba la sanaa lisiloheshimu siri za wenyeji huwa halitofautiani na waliozichukua.

Nne, chumba hiki kisifanywe duka la watalii waendao Lamu. Mtalii akaribishwe, alipe kiingilio na anunue akipenda, lakini siku za shule ziwe za wanafunzi. Lililo muhimu kabisa ni mtoto wa Garsen aingie bure, arudi tena wiki ijayo, na siku moja akute kazi yake mwenyewe imewekwa karibu na ya bingwa.

Nanyi wanafunzi mnaosoma makala haya, msingojee wakubwa. Chumba cha darasa siku ya Jumamosi, picha kumi za rangi ukutani na kazi kumi za udongo juu ya madawati yaliyofunikwa shuka nyeupe, ni maonyesho kamili. Zipangeni mbili mbili, na kila mbili ziwe na sababu ya kukaa pamoja. Waiteni wazazi, waiteni wazee wa pande zote, waambieni watazame kabla ya kusema. Mtashangaa ni wangapi watakaoanza kueleza jinsi mama zao walivyofinyanga au jinsi baba zao walivyochonga, na mambo hayo hayajaandikwa popote.

Wahenga hao hao walisema udongo uwahi ungali maji. Wafinyanzi wa kale wanapungua, na vijana walio na mtaala wa sanaa mikononi wanaongezeka. Pengo baina yao bado halijawa pana kiasi cha kutovukika. Kaunti itoe chumba, Makumbusho yaazime vigae, nao walimu waanze na tope la ukingoni muhula ujao. Mto ulioipa elimu ya pwani jina lake unastahili walau meza moja yake mwenyewe, na juu ya meza hiyo chungu kizima, si kigae.